Como au Garda, Milano au Verona? Kuchagua mji na ziwa kaskazini mwa Italia

Reli kuu ya kaskazini mwa Italia inakata nchi kutoka magharibi hadi mashariki: Torino, Milano, Brescia, Verona, Venezia. Juu kidogo ya reli hiyo, pale milima ya Alpi inapoanza kupanda, yamelala maziwa marefu membamba: Orta, Maggiore, Como, Iseo na Garda. Kijana mwenye likizo ya wiki moja akiona jinsi yalivyokaribiana hutaka yote. Treni ya kasi kutoka Milano hadi Torino ni saa moja hivi, Milano hadi Verona saa moja na robo, Verona hadi Venezia saa moja na dakika chache. Kwenye karatasi kila kitu kinaingia.

Kisichoonekana kwenye karatasi ni muda wa kuhama. Unafunga begi, unakabidhi chumba saa nne asubuhi, unafika mji mwingine saa sita, na hosteli haipokei wageni mpaka saa tisa alasiri. Ukihama kila siku, nusu ya likizo inaishia stesheni. Kwa sababu hiyo nalinganisha hapa jozi: mji mmoja na ziwa moja vinavyounganishwa na treni ya kawaida ya nauli ndogo, ili ulale sehemu mbili tu na kwingine uende na kurudi siku hiyohiyo. Jozi mbili ndizo zinazoshindana kwelikweli, Milano na Ziwa Como, kisha Verona na Ziwa Garda. Nyingine nitazipitia kwa haraka, maana zinamfaa msafiri wa aina fulani tu.

Kufika na kuzunguka

Wengi wetu tutashukia Milano tupende tusipende. Uwanja wa Malpensa uko karibu kilomita 50 nje ya mji. Treni yake inafika katikati kwa muda usiozidi saa moja. Ethiopian Airlines inatua hapo kutoka Addis Ababa, mashirika ya Ghuba yanapitia Doha na Dubai, na katika misimu ya utalii kuna ndege za moja kwa moja zinazowaleta Waitaliano Zanzibar na Mombasa. Hizo za mwisho watu wetu huzisahau, na inafaa kuzitazama bei kabla ya kukata tiketi ya kuunganisha. Anayesoma au kufanya kazi Ulaya huenda akatua Bergamo, uwanja wa ndege za bei rahisi. Basi la kwenda Milano huchukua kama saa moja, na Bergamo yenyewe iko dakika chache tu, mji wa juu uliozungushiwa kuta za Waveneti, unaostahili angalau mchana mmoja kabla hujaendelea na safari.

Kutoka stesheni ya Milano Centrale, treni ya kwenda Tirano inafuata ukingo wa mashariki wa Ziwa Como na kufika Varenna kwa saa moja na kidogo, nauli kama euro 7. Kaa dirishani upande wa kushoto. Kuanzia Lecco maji hayakuachi. Njia nyingine ni kwenda mji wa Como, dakika 40 hivi, na hapo ndipo wageni wengi wanapopotea hesabu. Ziwa lina umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Mji wa Como uko kwenye ncha ya mguu wa magharibi, ilhali vijiji vinavyojaa kwenye picha, yaani Bellagio, Varenna na Menaggio, viko katikati, pale miguu miwili inapokutana. Boti ya kawaida kutoka Como mjini hadi Bellagio inakula kama saa mbili, na majira ya joto foleni ya kuipanda ni ndefu. Kutoka Varenna ni robo saa kwa kivuko. Kwa hiyo anayekwenda kwa siku moja aanzie Varenna, na mji wa Como auache kwa siku nyingine akiutaka.

Garda ndilo ziwa kubwa kuliko yote Italia, karibu kilomita za mraba 370 dhidi ya 146 za Como. Ukubwa huo una gharama yake. Treni inaligusa upande wa kusini tu, Desenzano na Peschiera, na kutoka Verona hadi Peschiera ni dakika 15 hivi. Ukitaka kaskazini, kwenye miji ya Riva na Torbole iliyobanwa na majabali, reli haifiki: unashuka Rovereto kwenye reli ya kwenda Brennero, mpakani mwa Austria, kisha unapanda basi. Kwenda Riva kwa boti ya kawaida kutoka kusini kunakula nusu ya siku. Kwa hiyo Garda ni kama umepewa maziwa mawili, na lazima uamue kabla ya kulipia chumba kama unakwenda kusini au kaskazini. Mtu anayekodi chumba Peschiera akidhani ataamkia kwenye majabali ya Riva atahuzunika.

Kwa wepesi wa kuzunguka, naipa Como. Vijiji vitatu vya katikati vinatazamana, vivuko havikai muda mrefu bila kupita, na tiketi ya siku nzima ya eneo hilo ni kama euro 15.

Pesa

Hapa Garda inaongoza kwa mbali. Milano ni mji wa biashara na bei zake zinafuata kalenda ya biashara: mwezi Aprili kuna maonyesho ya samani, Februari na Septemba kuna wiki za mitindo, na siku hizo hata kitanda cha bweni hosteli kinapanda bei ya chumba kizima. Ukiona bei zimeruka bila sababu, angalia tarehe hizo kwanza. Bellagio na Varenna nazo ni vijiji vya hoteli za wenye pesa. Vitanda vya kijana ni vya kutafuta. Njia ya kuikwepa gharama hiyo ni kulala Lecco, mji wa watu wa kazi za kila siku ulio kwenye reli ileile, dakika 40 kutoka Milano na karibu dakika 20 hadi Varenna. Una maduka makubwa ya vyakula, una ufukwe wa kutembea jioni, na mlima uko nyuma yako.

Kusini mwa Garda, kuanzia Peschiera kupitia Lazise hadi Bardolino, ukingo umejaa kambi za mahema. Zina mabafu safi, duka, mara nyingi na bwawa la kuogelea, na kwa wasio na hema kuna vibanda vya kukodi vyenye jiko. Marafiki watatu au wanne wakigawana kibanda na kupika wenyewe, usiku mmoja unashuka chini ya kile ambacho mmoja wao angelipa Milano. Verona nayo ni nafuu kuliko Milano, isipokuwa usiku wa opera.

Na opera yenyewe niizungumzie, maana ndiyo nafasi nzuri kuliko zote kwa kijana asiye na pesa nyingi. Arena ya Verona ni uwanja wa Warumi wa karne ya 1, na tangu 1913 hutumika kwa opera majira ya joto, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba. Viti vya chini ni ghali mno, lakini ngazi za mawe za juu zisizo na namba huuzwa kwa euro 30 hivi. Fika mapema upate mahali pazuri, beba kitu cha kukalia, maana jiwe lililopigwa na jua mchana kutwa halina huruma. Onyesho huanza kama saa tatu usiku na kuisha usiku wa manane, wakati treni za kwenda ziwani zimeshakwisha. Usiku huo lala Verona.

Gharama ndogondogo zinafanana kote. Mgahawa utakuongezea *coperto*, ada ya kukaa mezani ya euro 2 au 3 kwa kila mtu, na hiyo ni halali, hujaibiwa. Hoteli na hosteli hutoza kodi ya utalii kwa kila usiku, mara nyingi taslimu. Kahawa ukinywa umesimama kaunta ni euro 1 na senti kadhaa. Ukikaa kwenye meza ya uwanjani inaweza kuzidi mara mbili. Maji usinunue, jaza chupa kwenye mabomba ya barabarani.

Maji, milima na miguu yako

Como ina kina kinachozidi mita 400, na milima inaporomoka moja kwa moja hadi majini. Uzuri wake unatoka hapo, na ubaridi wa maji yake pia. Fukwe ni vipande vidogo vya kokoto. Wanaotaka kuogelea huenda Lenno, Menaggio au Bellano. Kusini mwa Garda maji hayana kina kikubwa karibu na ukingo na hupata joto mapema. Sirmione, kwenye rasi nyembamba inayoingia ziwani, ina ngome ya karne za kati langoni na magofu ya jumba la Kirumi kwenye ncha. Chini ya magofu hayo kuna ufukwe wanaouita Jamaica, mawe mapana bapa yanayoingia majini polepole. Ni pahali pa ajabu saa mbili asubuhi, na saa sita mchana huwezi kupata pa kuweka taulo.

Neno moja kwa sisi tuliojifunza kuogelea ukubwani au hatukujifunza kabisa: maziwa haya si kama pwani ya mchanga. Ardhi inaweza kukatika ghafla chini ya mguu, na maji baridi huchosha haraka. Baki kwenye fukwe zenye walinzi, na vaa viatu vya kuogea kwa sababu ya kokoto.

Kaskazini mwa Garda ni habari nyingine, habari ya upepo. Asubuhi unavuma Pelèr kutoka kaskazini, mchana unageuka na kuja Ora kutoka kusini, na wenyeji wanapanga siku zao kwa pepo hizo mbili. Torbole imejaa shule za ubao wa tanga. Kijana wa Paje au Kilifi anayeujua mchezo huo atapata wenzake huko, na anayetaka kujifunza atapata walimu, ila avae suti ya maji.

Kwa kutembea, Como haina mpinzani, na ndiyo sababu mimi huielekea. Ukingo wa mashariki una njia ya zamani ya wasafiri, Sentiero del Viandante, kama kilomita 45 kutoka pande za Lecco hadi Colico, na karibu kila kijiji njiani kina stesheni. Maana yake unatembea mpaka miguu iseme basi, unashuka kwenye kijiji kilicho karibu na kurudi kwa treni. Kipande cha Varenna hadi Bellano kinatosha kwa nusu siku. Karibu na Varenna upande wa pili kuna Fiumelatte, mto wa mita 250 hivi tu, mweupe kwa povu, unaotoka mwambani na kuingia ziwani, na miezi ya baridi hukauka kabisa. Ukingo wa magharibi una njia tambarare ya kilomita 10, Greenway, kutoka Colonno hadi Griante, ikipita Lenno na Tremezzo mbele ya bustani za majumba ya kale. Yote haya ni bure.

Garda inajibu kwa baiskeli. Kutoka Peschiera njia ya baiskeli inafuata Mto Mincio hadi Mantova, kama kilomita 45 za tambarare, na kutoka Mantova kuna treni ya kurudi Verona. Kule Malcesine kuna gari la waya linalopanda Monte Baldo, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kibanda chake kinazunguka polepole kinapopanda. Nauli yake si ndogo. Siku ya mawingu usiipande.

Mji wenyewe

Ukiiweka Milano kando ya Verona, unaweka jiji kubwa kando ya mji wa kutembea kwa miguu. Milano inahitaji siku mbili kamili. Kanisa kuu, Duomo, lilianza kujengwa 1386 na kazi iliendelea kwa karne nyingi. Kitu cha kulipia pale ni paa, ambako unatembea katikati ya minara ya marumaru, na tiketi ya ngazi ni nafuu kuliko ya lifti. Mchoro wa Leonardo da Vinci wa Karamu ya Mwisho, uliochorwa kati ya 1495 na 1498 kwenye ukuta wa bwalo la watawa la Santa Maria delle Grazie, hutazamwa kwa makundi madogo, dakika 15 tu kila kundi. Tiketi huisha wiki nyingi kabla. Kama unautaka, upange safari yote kuanzia tarehe uliyoipata, usifanye kinyume chake. Makumbusho ya serikali, pamoja na jumba la michoro la Pinacoteca di Brera, huwa bure Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Halafu kuna Milano ambayo vitabu vya watalii huipa mistari miwili. Mtaa wa Porta Venezia umekuwa makao ya Waeritrea na Waethiopia kwa miongo mingi, na huko injera, kahawa ya kuchomwa na sura za Afrika Mashariki si kitu cha kutafuta kwa tochi. Baada ya siku nne za tambi, chakula cha mkono kwenye sinia moja na wenzako kinakurudishia nguvu. Ningependa kila kijana wetu anayepita Milano ale angalau mlo mmoja pale.

Verona inatosha kwa siku moja na nusu, lakini jioni zake ni tamu kuliko za Milano. Mto Adige unaukumbatia mji wa kale kwa kitanzi. Ponte Pietra, daraja lenye matao ya Kirumi, lililipuliwa na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma 1945, na wenyeji walilijenga upya kwa mawe yaleyale waliyoyatoa mtoni. Vuka daraja hilo, panda ngazi hadi Castel San Pietro kabla jua halijazama, na mji wote uko chini yako bila kulipa senti. Nyumba ya Giulietta, yule Juliet wa tamthilia ya Shakespeare, ningeiacha. Foleni ni ndefu, na roshani ile wanayoipigia picha iliongezwa karne ya 20.

Kuhusu usalama, miji yote miwili ni ya kutembea bila hofu, ila wachomoaji wa Milano ni hodari, hasa Centrale, kwenye metro na uwanja wa Duomo. Simu isikae mfuko wa nyuma. Anayetaka kukufunga bangili mkononi "bure", mkatalie kwa upole na uendelee kutembea.

Chakula, hasa kwa asiyekula nguruwe

Hili ni jambo la wengi wetu na wanaoandika kuhusu Italia hulipita. Kaskazini ni nchi ya nguruwe: prosciutto, mortadella, salame, speck, pancetta. Hujificha ndani ya mchuzi wa tambi, juu ya pizza, hata ndani ya tortellini, tambi zilizojazwa. Mafuta yake, *strutto*, hutiwa kwenye baadhi ya mikate. Jifunze kusema "senza maiale", bila nguruwe, na uliza kabla ya kuagiza. Verona wana kitoweo cha nyama ya farasi, *pastissada de caval*, na wali wao uliopikwa kwa mvinyo. Asiyetumia pombe aulize hilo nalo.

Kwenye maziwa chakula kinakuwa rahisi kwa sababu samaki wapo. Como wana *missoltini*, samaki wa ziwani wanaotiwa chumvi na kukaushwa, kisha huchomwa na kuliwa na polenta. Polenta ni ndugu wa damu wa ugali, unga wa mahindi uliosongwa, na toleo la Bergamo na milima ya jirani lenye siagi na jibini, *taragna*, linashibisha hadi kesho yake. Hapo naipa Como ushindi mdogo. Milano kwa upande wake ina migahawa ya Waarabu, Waturuki na watu wa Pembe ya Afrika kwa bei ya kawaida, na anayetafuta nyama halali hatapata tabu kama atakavyopata vijijini.

Jozi nyingine mbili

Torino ni mji ninaoupenda na unaopuuzwa. Ulikuwa mji mkuu wa kwanza wa Italia iliyoungana mwaka 1861, una barabara zenye matao zinazokukinga mvua na jua kwa kilomita nyingi, na bei zake zinaheshimu mfuko wa mwanafunzi. Makumbusho yake ya Misri, Museo Egizio, yaliyoanzishwa 1824, yana hazina za Misri ya kale ambazo Mwafrika atazitazama kwa macho yake mwenyewe na maswali yake mwenyewe. Maji ya kunywa yanabubujika mitaani kwenye mabomba ya kijani yenye kichwa cha fahali. Bicerin, kinywaji cha kahawa, chokoleti na krimu, hakina pombe.

Tatizo ni ziwa lake. Maggiore, lenye mji wa Stresa na visiwa vya Borromeo, linafikiwa kwa urahisi zaidi kutoka Milano, kama saa moja kwa treni, kuliko kutoka Torino ambako lazima ubadilishe njiani. Isola Bella, na jumba lake na bustani za ngazi zilizoanza karne ya 17, ni kazi ya kustaajabisha, lakini boti na viingilio vya kisiwa kimoja baada ya kingine vinakomba pesa. Ni ziwa la wapenda bustani na majumba. Kijana anayetaka kuogelea na kupanda milima hatatosheka. Torino basi naishauri peke yake, bila ziwa, kwa mtu anayependa makumbusho na mji wenye watu wake.

Brescia na Ziwa Iseo ni kwa anayechoshwa na umati. Treni ndogo inatoka Brescia hadi Sulzano, na boti ya dakika chache inakuvusha hadi Monte Isola, kisiwa chenye mlima katikati ambako magari ya wageni hayaruhusiwi. Mwaka 2016 msanii Christo alitandika madaraja ya kuelea ya rangi ya machungwa hapo, na katika siku 16 watu zaidi ya milioni moja walitembea juu ya maji. Kisha madaraja yakaondolewa na kisiwa kikarudia nyavu zake na samaki wake wanaoanikwa juani. Huna usiku wa kelele huko, huna hosteli nyingi. Wapenzi wawili, au mtu aliyekuja na kitabu, watafurahi.

Venezia na Bologna: kwenda na kurudi, au kulala?

Kutoka Verona treni ya kawaida inafika Venezia kwa saa moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo jozi ya Garda inakupa Venezia kama zawadi. Swali ni kama ulale. Tangu 2024 mji unatoza ada kwa wanaoingia kwa kutwa katika siku zilizotangazwa za majira ya kuchipua na ya joto, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema na euro 10 kwa aliyechelewa. Anayelala ndani ya manispaa hailipi, na Mestre, ng'ambo ya daraja la reli, iko ndani ya manispaa hiyo. Hosteli za Mestre ni nafuu sana na treni ya kuingia kisiwani ni dakika 10.

Ningelala usiku mmoja. Saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni Venezia ni msongamano. Alfajiri na usiku ndipo unapowasikia wenyeji wakiitana dirishani. Boti za abiria ni ghali, euro 9.50 kwa dakika 75, lakini mwenye umri usiozidi miaka 29 anaweza kununua kadi ya Rolling Venice na kupata tiketi ya siku tatu kwa punguzo kubwa. Kama ni usiku mmoja tu, tembea. Kutoka stesheni hadi uwanja wa San Marco ni kama dakika 40, na kupotea njiani ni sehemu ya raha yake.

Bologna haina ziwa, lakini ina chuo kikuu ambacho mwanzo wake unahesabiwa kuwa 1088, na wanafunzi waliojaa mitaani mpaka usiku. Matao yake, kilomita 62 kwa jumla, yaliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2021. Moja la karibu kilomita 4 linapanda mlima hadi kanisa la San Luca. Msafiri aliye peke yake anayetaka kukutana na vijana wenzake atazungumza na watu wengi zaidi Bologna kwa jioni moja kuliko Bellagio kwa wiki.

Tiketi, viza na majira

Treni za kawaida, *regionale*, zina nauli isiyobadilika, hazihitaji kununuliwa mapema. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, na ya simu lazima uithibitishe kwenye programu kabla treni haijaondoka. Faini ni kubwa na "sikujua" haisaidii. Treni za kasi za kampuni za Trenitalia na Italo ni kinyume chake, bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Angalia pia habari za mgomo, *sciopero*, ambao mara nyingi huangukia Ijumaa. Siku za kazi, sheria inahakikisha baadhi ya treni kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, kwa hiyo safari yako iingize humo.

Anayeomba viza ya Schengen kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala atalipa ada ya euro 90, ataonyesha bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na anaweza kuwasilisha maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Ratiba yenye anwani mbili za kulala ni rahisi kuieleza kuliko yenye anwani saba, na vyumba vinavyoweza kughairiwa bila malipo ndivyo vya kuweka kwenye fomu.

Majira yanaweza kubadilisha jibu lote. Agosti, hasa wiki ya sikukuu ya tarehe 15, Ferragosto, Milano hufunga maduka na nusu ya Italia huhamia ziwani; Garda kusini hapo ni ya kuepuka, na ukilazimika kwenda mwezi huo, Iseo au vijiji vya mashariki ya Como vina nafuu. Aprili na Mei maji ni baridi mno kuogelea, bustani zimechanua, kwa hiyo Como au Maggiore. Juni na nusu ya kwanza ya Septemba, ukiwa na marafiki na bajeti ndogo, chukua Verona na Garda kusini: usiku mmoja wa Arena kama bado kuna maonyesho, siku tatu za kambi, siku moja ya baiskeli hadi Mantova, usiku mmoja Mestre. Ukiwa peke yako na buti za kutembelea, lala Lecco, na usiku wa mwisho uhamie Milano karibu na Centrale, maana treni ya kwenda Malpensa inaondokea hapo.